Quedar: maswali ninayoulizwa kila siku na wanaojifunza Kihispania Mombasa

Ukurasa huu nimewaandikia wanafunzi wangu wa jioni: vijana wa mapokezi kutoka hoteli za Nyali na Bamburi, wauzaji wa leso na vikoi, madereva wawili wa tuktuk, na bibi mmoja mstaafu anayesema anajifunza kwa raha zake. Mchana mimi hutembeza wageni Mji wa Kale. Hakuna kitenzi cha Kihispania kinachonizalishia maswali kama "quedar", basi nimeyakusanya hapa ili nipumzike kuyajibu kwenye simu usiku wa manane.

Kwa neno moja, "quedar" ni nini?

Kwa neno moja hutapata. Anayekwambia ni "kubaki" hajakudanganya, lakini amekupa robo.

Kitenzi hiki kimetoka kwenye Kilatini "quietare", kutuliza. Nduguye ni "quieto", yaani aliyetulia, asiyetikisika. Ukishika hilo la kutulia, maana nyingine zinajipanga zenyewe. Hesabu ikishatulia, unachokiona mezani ni kilichobaki. Watu wakibishana saa ya kukutana, siku wakitulia ndiyo wamepatana. Nguo ikitulia mwilini, imekukaa.

Na hapo ndipo ninapowaomba jambo moja: msipitie Kiingereza. Wengi wenu mkisikia neno la Kihispania mnalitafuta kwanza kwa Kiingereza, kisha mnalirudisha Kiswahili likiwa limechoka. Kwa kitenzi hiki safari hiyo ni ya bure, maana sisi tuna "kaa" na "baki", na hao wawili wanafanya karibu kazi yote ya quedar. Tazama: kanzu imekukaa. Kaa na chenji. Kaa hapo usiondoke. Nakaa Kisauni. Katika hizo nne, Mhispania angetumia quedar kwenye tatu za kwanza. Ya nne tu ndiyo angesema "vivo en Kisauni".

Linatamkwaje?

"Que" husomwa "ke". Hiyo u ni pambo la maandishi tu. D iliyoko katikati ya irabu mbili si d ya "dada". Ni dh ya "dhahabu", ila uilegeze kidogo, ulimi usibane. Basi ni ke-dhar. Hapa sisi tumepewa zawadi, maana sauti hiyo tunayo tangu utotoni, na kuna wanafunzi wa mataifa mengine wanaoihangaikia miezi.

Mkazo ndio wa kuangalia. "Quedo", mkazo mwanzoni kama ilivyo desturi yetu ya silabi ya pili kutoka mwisho, ni "nabaki". "Quedó", mkazo mwishoni, ni "alibaki". Alama ile juu ya o imebeba mtu na wakati wake, usiiache ukiandika.

Mbona nikitaka kusema nimebakiwa na shilingi mia mbili nasema "me quedan" na si "quedo"?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu mnalo mdomoni.

Chukua sentensi "zimenibakia mia mbili". Ivunje. "Zi" mwanzoni ni shilingi: zenyewe ndizo zinazobaki. "Ni" katikati ni mimi, ninayeguswa na jambo hilo. Sasa chukua "me quedan doscientos chelines". Ile n ya mwisho kwenye "quedan" ni shilingi, kwa kuwa ni nyingi. "Me" ni mimi. Ni sentensi ileile, ila Kihispania kimemtoa mtu ndani ya kitenzi kikamweka mlangoni.

Kwa hivyo, ukitaka kujua useme "queda" au "quedan", usijiangalie wewe. Angalia kilichobaki. Kiazi kimoja: "me queda una patata". Viazi viwili: "me quedan dos patatas". Anayesema "me queda dos" ni sawa na anayesema "imenibakia viazi viwili". Utamwelewa, lakini utamtazama.

Vile viwakilishi vidogo vya mlangoni ni hivi: me (mimi), te (wewe), le (yeye, au wewe kwa heshima), nos (sisi), os (nyinyi, huko Hispania), les (wao, au nyinyi kwa heshima). Mgeni akikuuliza mkahawani "¿les quedan samosas?", anataka kujua kama sambusa zimewabakia. Zikiwa zimekwisha, jibu ni "ya no nos quedan", zimetuishia. Sikia hilo "tu" ndani ya "zimetuishia". Ni "nos" hiyo.

Na ukishaizoea njia hii umefungua milango mingine bila kujua. "Me duele la cabeza" ni "kichwa kinaniuma". "Me gusta el mar" ni "bahari inanipendeza". Mwanafunzi mmoja alisoma "gustar" kwa mwalimu mwingine mwaka mzima akiitwa mgumu wa kuelewa. Nilimwambia tu aseme "kichwa kinaniuma" polepole, akacheka peke yake.

Quedar na quedarse zinatofautiana vipi?

"Quedarse" ni ya mwenye kubaki kwa nafsi yake, mtu aliyeamua au aliyejikuta amebaki mahali au katika hali fulani. Hapo kila mtu hubeba kiwakilishi chake: me quedo, te quedas, se queda, nos quedamos, os quedáis, se quedan.

"Me quedo en casa": nakaa nyumbani, sitoki. "Me quedé tres noches en Lamu": nilikaa Lamu siku tatu. Kwa walio mapokezi, swali lenu la kila siku ni "¿cuántas noches se queda?", utalala kwetu siku ngapi, na kama ni familia, "¿hasta cuándo se quedan?", mtakaa mpaka lini. Ukimwambia mgeni "yo quedo en el hotel" ataelewa unalotaka, lakini umeacha "me", na sentensi inachechemea.

Amri zake ni muhimu kwetu sisi watembezaji. Kwa rafiki, "quédate". Kwa mtu mzima ambaye ungemwamkia shikamoo, "quédese". Kwa kundi, "quédense". Ninayoitumia mimi mpaka koo likauke ni "no se queden atrás, por favor", msibaki nyuma jamani, kwa sababu vichochoro vya Mji wa Kale vina milango ya kuchongwa, na kila mlango ni picha kumi.

Nguo je? Nauza Biashara Street.

Hapa umefika nyumbani. "Te queda bien" ni "imekukaa vizuri". Nguo ndiyo mtendaji, mtu yuko mlangoni, kama kwenye shilingi. Kwa mteja mtu mzima tumia "le": "le queda muy bien, señora". Suruali, kwa kuwa kwa Kihispania ni wingi, huwa "le quedan bien los pantalones".

Ikiwa kubwa, "me queda grande". Ikibana, "me queda estrecha" kwa blauzi, "estrecho" kwa kikoi. Ndefu, "larga" au "largo". Mteja akijigeuza mbele ya kioo akauliza "¿qué tal me queda?", hakuulizi bei, anakuuliza imemkaaje.

Siku moja nilimkuta mwanafunzi wangu dukani akimhudumia mama Mhispania aliyekuwa amevaa dera la rangi ya embe. Neno lilimtoka kichwani. Akajipapasa, akakumbuka "kaa", akakumbuka kuwa kukaa kitini ni "sentar", akasema kwa woga, "le sienta bien". Alinitazama akidhani ameharibu. Kumbe alikuwa amesema Kihispania safi kabisa! Wahispania pia husema nguo "imeketi" mwilini, na "sentar bien" hutumika bega kwa bega na "quedar bien". Mama yule akalinunua. (Dera, kwa wanaouliza, haliwezi "quedar estrecho". Ndiyo maana yake.)

Mteja akisema "me lo quedo", amekataa?

Amekubali. "Me lo quedo" au "me quedo con este" ni "basi nachukua hiki". Nyamaza, funga mzigo. Usiendelee kumpunguzia bei.

"Quédese con el cambio" ni nini?

Kaa na chenji. Neno kwa neno.

Wageni huniambia "quedamos a las nueve". Wanabaki wapi?

Hawabaki popote. Hii ni quedar ya miadi, na Hispania kwenyewe ndiyo utakayoisikia sana. "¿Quedamos mañana?" ni "tukutane kesho?" "He quedado con Ana" ni "nimeahidiana na Ana", nina miadi naye. Wana hata jina la mkutano wa namna hiyo, "una quedada".

Hatari iko kwenye saa, na hapa nasema kwa niliyoyaona. Mwaka wangu wa pili wa kazi nilipatana na mtu na mkewe kutoka Sevilla. Nikawaambia kwa kujiamini, "quedamos mañana a las tres, en la puerta del fuerte", tukutane kesho saa "tres", mlangoni mwa ngome. Kichwani mwangu ilikuwa saa tatu asubuhi, jua halijakuwa kali. Nilifika saa tatu kasorobo. Nikanunua kahawa chungu kwa muuzaji wa pale nje, nikanunua ya pili, nikamaliza na kashata. Saa nne na nusu nikaenda zangu nikiwalaumu. Wao walifika saa tisa alasiri, kama nilivyowaambia kwa lugha yao, wakasimama juani. Kesho yake mume akanieleza kwa upole ulioniumiza kuliko matusi: "nos quedamos una hora esperando." Tulibaki saa nzima tukingoja.

Kumbuka mambo mawili hapo. La kwanza, "tres" yao ni saa tisa yetu, na "nueve" yao ni saa tatu yetu. Tofauti ni sita daima, na ukishatamka saa, ongeza "de la mañana" kwa asubuhi au "de la tarde" kwa alasiri. La pili, sentensi ya yule bwana ilinifundisha matumizi ambayo hakuna kitabu kilichokuwa kimenionyesha: quedarse na kitenzi chenye -ando au -iendo ni "kubaki ukifanya jambo". "Se quedó mirando el mar": alibaki akitazama bahari.

Na tahadhari ndogo: "quedamos" ni ya sasa na pia ni ya wakati uliopita. "Quedamos a las nueve" yaweza kuwa "tukutane saa tatu" au "tulipatana saa tatu". Muktadha ndio utakaokuokoa.

Hivi vineno "con" na "en" vinabadilisha nini?

Karibu kila kitu.

"Quedar con" mtu ni kupatana kukutana naye. "Quedarse con" kitu ni kukichukua kiwe chako. Lakini "quedarse con" mtu, kwa mazungumzo ya Hispania, ni kumchezea shere: "¿te estás quedando conmigo?" ni "unanichezea shere?" Hiyo nilisikia mara ya kwanza nilipomtajia mgeni bei ya teksi.

"Quedar en" kufanya jambo ni kuafikiana: "quedamos en salir temprano", tuliafikiana kutoka mapema. Na ukiongeza "que": "quedamos en que pagabas tú", tulipatana kwamba wewe ndiye utakayelipa.

"Quedar por" ni kazi iliyobaki: "quedan dos habitaciones por limpiar". Vyumba viwili havijasafishwa bado. Wa usafi hotelini, hii iandikeni ukutani.

Nitumie "¿dónde queda?" au "¿dónde está?"

Kwa jengo, mtaa au mji, zote mbili sawa. Amerika ya Kihispania hupenda zaidi "queda". "¿Dónde queda la estación del tren?" Kituo cha SGR hakiko kisiwani, kwa hivyo: "queda lejos, en Miritini", kiko mbali, Miritini. Nyali "queda al otro lado del puente", iko ng'ambo ya daraja. Diani "queda al sur, pasando Likoni", iko kusini, ukipita Likoni.

Kwa mtu au kitu kinachohamishika, quedar haifai. Huwezi kuuliza "¿dónde queda Juan?" Juan hajajengwa. Sema "¿dónde está Juan?" Hii ni tofauti ambayo sisi hatuna kwenye "iko" na "yuko", basi inabidi kuizoea tu.

"Me quedé dormido", ni nililala?

Ni "nilipitiwa na usingizi". Hukupanga. Ukilala kwa kutaka, kuna vitenzi vingine. Na asubuhi ukichelewa kazini, "perdón, me quedé dormido" inatosha kueleza kila kitu. Mwezi wa Ramadhani utaihitaji hata kwa daku lililokupita.

Familia yake ni kubwa: quedarse na neno la hali huonyesha mtu ameingia katika hali hiyo na sasa yumo, mara nyingi hali ya kupoteza. "Se quedó viuda", alibaki mjane. "Se quedó huérfano", alibaki yatima. "Se quedó sordo", alipoteza usikivu. Kwa mtu aliyekonda mno wanasema "se ha quedado en los huesos", na sisi tunasema nini? Amebaki mifupa. Kwa aliyeshangaa, "se quedó con la boca abierta". Amebaki mdomo wazi. Kwa aliyenyimwa alichokitamani, "se quedó con las ganas", amebaki na hamu yake. Hakuna aliyemwiga mwenziwe hapo, na bado mara nyingine natamani kumjua aliyeketi na nani barazani.

Na "quedarse sin" ni kuishiwa. "Nos quedamos sin gasolina en Mtwapa." "Me quedé sin batería", simu imeisha chaji. "Nos quedamos sin luz" ni stima zimepotea, sentensi itakayokufaa zaidi ya nyingine zote katika ukurasa huu.

Mnyambuliko wake ni mgumu?

La. Ni kitenzi cha -ar kilichonyooka, kama "hablar".

Sasa: quedo, quedas, queda, quedamos, quedáis, quedan.
Uliopita na kwisha: quedé, quedaste, quedó, quedamos, quedasteis, quedaron.
Uliopita wa hali: quedaba, quedabas, quedaba, quedábamos, quedabais, quedaban.
Ujao: quedaré, quedarás, quedará, quedaremos, quedaréis, quedarán.

"Quedáis", "quedasteis", "quedabais" na "quedaréis" ni za Hispania. Mgeni wa Meksiko, Ajentina au Kolombia hatakwambia hivyo, atatumia umbo la "quedan" kwa nyinyi pia.

Nichague vipi kati ya "quedaron" na "quedaban"?

Nitakujibu kwa kazi yangu. Fort Jesus, Ngomeni kwetu, Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mwaka 1696 Waomani waliizingira, na ilianguka Desemba 1698, baada ya miaka miwili na zaidi ya njaa na maradhi ndani ya kuta. Nikiwa juu ya ngome na wageni, nikitaka kusema mwisho wa habari, nasema "al final quedaron muy pocos": mwishowe wakabaki wachache sana. Nimefunga hesabu. Nikitaka kuchora hali ilivyokuwa kabla jambo lingine halijatokea, nasema "cuando entraron los omaníes, quedaban muy pocos": Waomani walipoingia, walikuwa wamebaki wachache sana.

"Wakabaki" na "walikuwa wamebaki". Ukiweza kuzitofautisha hizo kwa Kiswahili, na unaweza, chaguo lako la Kihispania limekwisha.

Nimeona "toque de queda" kwenye habari. Inahusiana?

Inahusiana sana. Ni kafyu. "Toque" ni mlio, na zamani "queda" ilikuwa jina la kengele ya usiku iliyowaambia watu waingie ndani watulie. Kutulia tena, kama kule mwanzo.

Sisi tuliionja kuanzia tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na ilikuja kuondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Huko Hispania nako mwaka huohuo wa 2020 neno lililojaa kila mahali lilikuwa "quédate en casa", kaa nyumbani. Kwa hivyo kama una umri wa kukumbuka, umeshalipia masomo ya kitenzi hiki.

"Queda prohibido fumar" ni "kumebaki"?

Ni lugha ya matangazo: ni marufuku kuvuta sigara. Utaisoma ukutani, kwa mdomo huna haja nayo.

Nachanganya quedar, dejar, sobrar na faltar. Nisaidie.

Dejar ni kuacha. Mtu ndiye mtendaji. "Dejé la llave en el cuarto", niliacha ufunguo chumbani. "La llave se quedó en el cuarto", ufunguo ulibaki chumbani, na tazama jinsi lawama inavyomhama mtu ikaenda kwa ufunguo. Sehemu za magharibi mwa Hispania, kama Extremadura, utasikia watu wakisema "quedé la llave" kwa maana ya kuacha. Ni lahaja yao. Waelewe, usiwaige kwenye mtihani.

Kwa hizo tatu nyingine, fikiria sahani za biriani harusini. "Quedan tres platos": zimebaki tatu, basi, sijasema ni nzuri au mbaya. "Sobran tres platos": zimezidi tatu, watu wote wameshakula. "Faltan tres platos": zimepungua tatu, na kuna wageni wamekaa wakitazamana. Ila kwenye muda, quedar na faltar hukutana: "quedan diez minutos" na "faltan diez minutos" zote ni zimebaki dakika kumi.

Kwenye mpira nasikia "quedaron dos a uno".

Matokeo. "¿Cómo quedaron?" ni "walitokaje?" Fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 11 Julai 2010 kule Johannesburg, Hispania na Uholanzi "quedaron uno a cero", kwa bao la Iniesta katika muda wa nyongeza, na "España quedó campeona", Hispania ikatoka bingwa. Sare ni "quedaron empatados". Aliyemaliza wa pili, "quedó segundo".

"Quedar mal" ni kukaa vibaya?

Kwa nguo, ndiyo. Kwa watu, ni kujiharibia mbele ya mtu. Mimi na wale wa Sevilla: "quedé fatal", nilijiharibia kabisa. Kinyume chake, "quedar bien con" mtu, ni kumfanya akuone mwema, na "lo hace para quedar bien" ni maneno ya kusengenya kidogo: anafanya ili asifiwe.

Wareno walikaa hapa karibu miaka mia mbili. Kireno chao kinatusaidia?

Kwa msamiati, ndiyo. Meza ni "mesa" kwa lugha zote mbili, bendera ni "bandeira" kwa Kireno na "bandera" kwa Kihispania, mvinyo ni "vinho" na "vino". Leso ilitoka kwa "lenço", ambayo kwa Kihispania ndugu yake ni "lienzo", kitambaa cha kitani au cha kuchorea. Na Ngomeni ilipojengwa, Ureno ilikuwa chini ya mfalme wa Hispania, Felipe wa Pili. Wageni wa Kihispania nikiwaambia hilo husimama wima kidogo.

Kwa quedar, hapana. Wareno kwa kazi hii hutumia "ficar", na "queda" kwao ni kuanguka. Mgeni wa Lisbon ukimwambia "cuidado, queda poco", chunga, njia iliyobaki ni fupi, atashika ukuta.

Mgeni ameniuliza "¿en qué quedamos?" na uso umekunjamana. Nimefanya nini?

Umemzungusha. Mara umesema mashua, mara tuktuk, mara leo, mara kesho baada ya swala. Anakwambia: sasa tumeshika lipi? Mjibu kwa mahali na saa, bila hadithi: "a las nueve de la mañana, en la puerta del fuerte." Kisha mwonyeshe tisa kwenye saa yake ya mkononi kwa kidole.